Guka Hakuwahi Kushika Koleo

Siakago hatuna reli. Ukitaka kuiona, unapanda matatu hadi Embu, halafu nyingine hadi Sagana. Lakini kwetu nyumbani kuna treni. Ni ya maboksi ya sabuni na gundi, nimeiunda mwenyewe.

Ni ile Garratt ya Class 59. Kama huijui, ingia Makumbusho ya Reli pale Nairobi uone nambari 5918, Mount Gelai. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Manze, hiyo kitu ni kubwa! Zaidi ya tani 250, urefu karibu mita 32, na reli yenyewe upana wake ni mita moja tu. Yangu ni moja kwa 50, kwa hivyo inafika sentimita 63 hivi.

Sasa, kuna wasee wa modeli ambao wanahesabu mpaka ribiti. Si ati wanakosea. Kipimo maarufu duniani, H0, ni moja kwa 87 na reli yake ni milimita 16.5, yaani ni saizi ya SGR. Weka Garratt yetu hapo na umeipandisha SGR, ambayo ilianza kubeba abiria 2017! Lakini mimi sikuwahi kujali sana. Garratt ina magurudumu 28. Yangu ina 20, kwa sababu nilikuwa nayakata kwa slipa kuukuu na slipa zikaisha.

Guka wangu alikuwa faiamani kwenye hizo injini miaka ya 1970. Nikampelekea kabla sijaiposti. Akaizungusha mkononi polepole, akahesabu magurudumu, akacheka. "Hizo nane ziko gereji?"

Halafu akafika nyuma. Pale nilikuwa nimeponda makaa ya jiko la mama nikayagandisha rundo safi, ndio ionekane kama makaa ya mawe. Kwa filamu si faiamani ni yule mtu wa koleo na jasho? Guka akanyamaza. Akagusa yale makaa kwa kidole.

"Hii si yetu. Sisi tulichoma mafuta."

"Lakini guka, watu hawatajua."

"Mimi najua."

Kisha akanionyesha, mkono hewani, jinsi alivyokuwa anafungua valvu kidogo, anafunga kidogo. Mafuta yakizidi, moshi unatoka mweusi na dereva anakugeukia. Mlima ukianza, lazima uwe umeshajua. Nimeishi na huyu mzee miaka yangu yote, na sikuwahi kumsikia akiongea kazi yake dakika ishirini mfululizo.

Kwa hivyo ukiniuliza modeli iwe sahihi kiasi gani, sina jibu la milimita. Magurudumu nane hayakumuumiza mtu. Yale makaa yalikuwa yamefuta kazi ya guka na kuweka ya mtu mwingine wa kwenye filamu, na mimi ndiye nilikuwa naenda kuposti nikisema "hii ni ya guka wangu".

Nimeyabandua. Nimefunika hapo kwa tangi la boksi, ingawa doa jeusi bado linaonekana ukiinamisha. Jana ameniuliza kiti cha faiamani kiko wapi. Sikuwa nimeweka. Kwa hivyo video itangoje kidogo, na kama una slipa zilizokatika, usitupe.