Yesu wa Salford

Ukutani kwa Dani, kule Lambwe, kuna Yesu. Nywele ndefu, ndevu zimepunguzwa vizuri, macho ya buluu yanakufuata hadi mlango wa jikoni. Ni kalenda ya zamani. Miezi ilishachanwa yote, akabaki yeye.

Sura hiyo tuliijua. Kila Pasaka tulijazana kwa jirani mwenye TV ya Great Wall, betri ya gari chini ya meza, tukiangalia Jesus of Nazareth ya Franco Zeffirelli, ile ya 1977. Ni saa sita na zaidi. Betri haikuwahi kufika ufufuo. Mtu mweusi ninayemkumbuka humo ni James Earl Jones, mmoja wa mamajusi. Analeta zawadi, anaenda zake.

Nikiwa na miaka kumi na moja, kanisa letu likaandaa igizo la Pasaka. Maneno ya Yesu nilikuwa nimeyakariri yote. Mwalimu akatupanga mstari, akatuangalia nyuso, akamchagua kijana mweupe kuliko sisi wote. Mimi akanipa Baraba. "Wewe unatoshea jambazi," akasema, watu wakacheka. Nami nikacheka.

Siku yenyewe, mbele ya Pilato, tulisimama bega kwa bega. Yesu akasahau maneno. Nikamnong'onezea.

Miaka baadaye, nikiwa chuo Nairobi, nikasoma kwa simu kwamba yule wa kalenda ni Robert Powell, Mwingereza wa Salford, karibu na Manchester. Nikaendelea hadi bando ikaisha. Laurence Olivier alipakwa rangi usoni awe Mahdi wa Sudan katika Khartoum, 1966. John Wayne, kauboi kabisa, alikuwa Genghis Khan katika The Conqueror, 1956. Nilicheka peke yangu kitandani. Halafu nikamkumbuka mwalimu, kicheko kikakatika. Hao wa sinema walikuwa na tiketi za kuuza. Sisi tulikuwa tunamuuzia nani?

Pasaka iliyofuata nikarudi nyumbani na habari yangu. Dani alikuwa anachambua omena.

"Dani, huyo ukutani si Yesu. Ni mwigizaji. Mzungu wa Uingereza."

Hakuinua hata kichwa. "Kwani ulifikiri nilidhani walimpata mwenyewe?"

"Sasa mbona unamwomba?"

"Mimi nikiomba nafumba macho, nyakwara."

Nilidhani tumemaliza. Akasukuma ungo kando, akaniangalia.

"Ule mwaka wa Baraba, nilikuwa nimekaa mbele. Niliona midomo yako. Maneno yalikuwa yako. Mbona hukusema unataka kuwa Yesu?"

Nikaanza kumweleza habari ya mwalimu, mstari, rangi. Akangoja nimalize.

"Hayo ni ya mwalimu. Nimekuuliza wewe."

Nikavuta ungo, nikaanza kumsaidia na omena. Kule ukutani, yule wa Salford alikuwa bado ananiangalia.