Fyuzi ya Kumi na Tatu

Fyuzi ile niliiweka mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nililificha, na kijana wa watu akabeba lawama isiyo yake.

Banda la kuku la shangazi yangu liko Moshono, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Asiyeijua Arusha anaweza kushangaa kwa nini vifaranga wanawashiwa taa usiku kucha. Aje mwezi wa saba, baridi ya Meru ikishuka, hatauliza tena. Taa zenyewe zilikuwa mbili, zile kubwa za kioo chekundu, wati 250 kila moja, zinaning'inia kwa mnyororo juu ya maranda. Waya ulitoka bandani, ukapita pembeni mwa mlango, ukaingia jikoni kwenye soketi.

Jioni moja zikazimika. Mimi ndiye fundi umeme wa ukoo, maana yake sina leseni ya EWURA wala cheti cha VETA, nina bisibisi, testa na maneno mengi. Nikafungua plagi, nikakuta fyuzi ya ampea 3 imekatika. Duka la karibu lilikuwa na za 13 peke yake. “Hizo ndizo watu wanachukua,” muuzaji akaniambia, “hazikatiki ovyo.” Nikafurahi. Nikaipachika, taa zikawaka, shangazi akanimiminia chai ya maziwa na kunisifu mbele ya watu.

Nakiri kwamba kichwani mwangu fyuzi kubwa ilikuwa ni fyuzi bora. Nilikuwa nawacheka wanaofunga uzi wa shaba badala ya fyuzi, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na wale wanaochokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kumbe mimi na wao tulikuwa kundi moja, ila mimi nilikuwa na risiti.

Nilidhani fyuzi inailinda taa. Siyo. Inaulinda waya unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye taa. Hesabu yake mtoto wa darasa la saba anaiweza: chukua wati za kifaa, gawa kwa volti 230 za umeme wetu, unapata ampea. Taa zile mbili ni wati 500, yaani ampea 2 na kitu. Fyuzi ya 3 ilikuwa inatosha na chenji inabaki. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 9, hilo ndilo la kuwekewa 13. Televisheni nyingi za siku hizi hazifikishi hata ampea moja. Kisha unauangalia waya wenyewe, kwani mara nyingi unene wake umeandikwa kwenye ganda: wa milimita za mraba 0.5 ni wa ampea 3, wa 0.75 unafika 6, na wa 1.25 ndio wa kubeba 13. Wa shangazi ulikuwa wa 0.5, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo.

Na hiyo 13 haikatiki mara tu ampea zikifika 13. Inaweza kuvumilia karibu 20 kwa muda mrefu sana. Mpaka iamue kukatika, waya mwembamba umeshageuka jiko.

Mtu atauliza, si kuna breka kule ukutani? Ipo. Ya soketi za nyumba ile ni ya ampea 32, nayo inalinda nyaya nene zilizomo ukutani, hicho kiwaya cha taa haikijui. Hili tumelirithi kwa Waingereza. Wakati wa vita kuu ya pili na baada yake, shaba ikiwa adimu, waliamua soketi nyingi za nyumba zichangie mzunguko mmoja mkubwa, na kwa kuwa fyuzi ya mzunguko huo ni kubwa, kila plagi ikabidi ibebe fyuzi yake ndogo. Kiwango cha plagi hiyo, BS 1363, kilitoka mwaka 1947. Mjerumani plagi yake haina fyuzi ndani, kwa sababu nyumba yake imefungwa nyaya kwa utaratibu mwingine. Sisi tulichukua plagi ya pini tatu za bapa, lakini ile sababu ya kuwekwa fyuzi ndani yake wengi wetu hatukuichukua.

Basi, usiku mmoja moto ukaanzia mlangoni mwa banda. Siyo moto wa kuwaka, ni ule wa kufukuta ndani ya maranda na magunia ya kuzuia upepo. Shangazi aliamshwa na harufu, akazima meni swichi, majirani wakaja na ndoo. Banda lilipona upande mmoja. Vifaranga karibu wote walikufa kwa moshi.

Kulipokucha kila mtu alikuwa na jibu: kijana wa kuku kashusha taa chini mno, imegusa maranda. Nami nilikuwa nimeshaona. Taa zote mbili zilikuwa bado juu kwenye mnyororo, vioo vizima. Palipoungua ni pale waya ulipopita kwenye mlango, ganda limeyeyuka na kugandia kwenye mbao, nyaya mbili za ndani zimeshikana nyeusi. Nikaenda jikoni, nikafungua plagi. Fyuzi ilikuwa nzima. Kile kibomba cheupe cha kauri, vifuniko vyake vya shaba nyeupe bado vinang'aa, 13 imeandikwa vizuri kabisa. Nikaitia mfukoni, nikatoka nje, nikaungana na waliokuwa wakimsema kijana. Sikusema sana. Nilitikisa kichwa tu, lakini kichwa cha fundi kikitikiswa ni ushahidi tosha.

Shangazi alimkata mshahara kufidia vifaranga. Mwisho wa mwezi akaondoka.

Mwaka huu ndipo nilipomweleza shangazi. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikasema yote, pamoja na ile fyuzi ya mfukoni. Hakunifokea. Aliuliza tu, “Na hela za mtoto wa watu nilizokata?” Nikamwambia nitazirudisha mimi. Akanitajia namba ya yule kijana, akasema nimpigie mwenyewe, yeye hamtumi mtu kumwombea mtu msamaha.

Nilipiga. Yuko Babati sasa, anaendesha bodaboda. Nikaanza kumweleza habari za ampea na unene wa waya, nikizunguka weee, mpaka akanikatiza.

“Kaka, si nilikuambia waya unabanwa na mlango?”

Aliniambia kweli. Jioni ileile, alipokuwa amenishikia tochi nafunga plagi, nami nikamjibu kwamba mambo ya umeme aniachie mimi.