Akiba ya Mfupa

Mabatini ni kata ya jiji la Mwanza iliyopanda mlimani. Nyumba zake zimekaa katikati ya majabali, na njia za kuziendea ni ngazi za mawe na vichochoro vya mteremko. Mwenye nyonga nzima huzipanda ngazi hizo bila kuzihesabu. Mwenye nyonga mbovu huzijua moja moja. Katika Kanda ya Ziwa mtu huyo si lazima awe mzee. Selimundu, maradhi yaliyoenea sana pande hizi, huziba mishipa midogo ya damu. Kichwa cha mfupa wa paja kikikosa damu hufa, kisha hubonyea. Kijana wa miaka 25 huweza kushika mkongojo kama babu yake.

Akibahatika kutiwa nyonga ya bandia hushukuru, na ana haki ya kushukuru. Lakini umri uliombakia yamkini ni mrefu kuliko umri wa kiungo hicho. Yatupasa kumfikiria John Charnley, mpasuaji wa Wrightington, Uingereza. Vikombe vyake vya mwanzo, vya Teflon, vililika upesi, na vumbi lake likadhuru nyonga za wagonjwa. Charnley alijidunga vumbi hilo pajani mwake ajue madhara yake. Ujasiri wa namna hii ni adimu. Mwaka 1962 alianza kutumia plastiki iliyo imara zaidi. Hiyo nayo hulika, ila polepole. Chembe zilizo walinzi wa mwili hulimeza vumbi lake, na zikishindwa kulimeng'enya huamsha chembe nyingine zinazokula mfupa. Mwili hujibomoa hali ukidhani unajilinda. Tena hujibomoa kimya: aghalabu maumivu hayaji mpaka chuma kimelegea, bali picha ya eksirei huonyesha mapema. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko juu ya kilima kingine cha jiji hilohilo. Lakini ni nani atakayeshuka mlima mmoja na kupanda wa pili, akaacha kibarua cha siku, kwa nyonga isiyomuuma?

Basi mpasuaji wa mara ya pili hukuta shimo mahali palipokuwa mfupa. Kwanza huhakikisha kwamba hapana usaha, kwa kuwa mfupa uliopandikizwa penye usaha hupotea. Ukuta wa kikombe ukivunjika, hutia vipande vya chuma chenye vitundu, mfupa upate kuota ndani yake. Fupa la paja likiwa limeoza juu, hutia shina refu lishike chini palipo pazima. Shimo lenye kuta nzima hujazwa mfupa wa mtu mwingine, uliokatwa vipande vidogo na kushindiliwa kama sakafu ya udongo. Slooff na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, waliieleza njia hiyo kwa kikombe cha nyonga mwaka 1984; kwa miaka, mfupa hai humea humo.

Mfupa wenyewe hutoka katika vichwa vya paja vikatwavyo kwa wanaobadilishwa nyonga mara ya kwanza. Wenyewe hupimwa UKIMWI na homa ya ini, navyo huhifadhiwa katika jokofu la baridi kali lisilokatikiwa umeme. Pasipo jokofu hilo, kichwa cha paja hutupwa.