Kilifi na Malindi: Nchi na Watu Wake

Kaunti ya Kilifi, ambayo ndani yake umo mji wa kale wa Malindi, iko kaskazini ya Mombasa. Upande wa mashariki inatazamana na Bahari ya Hindi, na eneo lake lote lapita kilometa za mraba 12,000.

Nchi hii yagawanyika sehemu tatu. Ya kwanza ni ukanda wa pwani, penye minazi, mikorosho na miembe. Ya pili ni vilima vilivyo nyuma yake, ambako Wamijikenda walijenga kaya zao msituni. Mwaka 2008 baadhi ya misitu hiyo ilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ya tatu ni nyika, nchi kavu ya ng'ombe na mbuzi. Kaskazini ya mji wa Malindi, mto Sabaki huingia baharini, na mafuriko yajapo maji ya ufukweni hugeuka rangi ya udongo uliotoka bara.

Mvua ndiyo iwapangayo watu mahali pa kukaa. Pwani yaweza kufika milimita 1,300 kwa mwaka, bali nyika ya mbali hupata 300 tu. Kwa hiyo mkulima wa pwani aghalabu huvuna muhogo na mahindi, na mwenzake wa Bamba angali akiyatazama mawingu.

Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha watu 1,109,735. Ile ya mwaka 2019 ikaonyesha 1,453,787. Katika makabila tisa ya Mijikenda, saba yana makao yao humu: Wagiriama, walio wengi kuliko wote, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Warabai na Wajibana. Pamoja nao wapo Waswahili, Wabajuni, Waarabu na Wasanye.

Watu wakiongezeka, ardhi haiongezeki. Mwaka 1914 serikali ya Kiingereza iliwaamuru Wagiriama waihame ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, penye rutuba. Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kuwahimiza watu wasikubali kutawaliwa, na vita vikazuka. Miaka michache baadaye wakaachwa kurudi. Lakini sheria ya mwaka 1908 ilikuwa imemtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani aiandikishe. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, wengi wao hawakupata hati. Hivyo wakaitwa maskwota.

Mipango ya makazi na ugawaji wa hati umewafaa wengi tangu uhuru, ila kazi haijaisha. Hata leo yuko mzee awezaye kuuonyesha mnazi uliopandwa na babu yake, asiweze kuonyesha karatasi ya udongo ulioota ndani yake. Mtu wa namna hiyo atasita kupanda mkorosho ambao matunda yake huja baada ya miaka, maana hajui ni nani atakayeyaokota.