Mlango Usio na Kibao

Wengi waliokasirishwa na hukumu ya tarehe 24 Februari 2023 hawakuisoma. Sisemi hivi kwa dharau. Hukumu zetu huandikwa kwa Kiingereza kizito na kurasa zake ni nyingi. Lakini wiki ile, barazani, kwenye matatu na hata katika chumba cha wahadhiri, nilisikia watu wazima wakiapa kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya imehalalisha ndoa za jinsia moja. Haikufanya hivyo. Majaji watatu dhidi ya wawili walitamka jambo dogo zaidi: kwamba Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilivunja Katiba ilipomnyima Eric Gitari usajili wa shirika lake kwa sababu tu ya watu ambao shirika hilo lilikusudia kuwatetea. Vifungu vya 162 na 165 vya Sheria ya Adhabu, urithi wa mkoloni, havikuguswa. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kukataa kuvifuta mwezi Mei 2019. Kwa hiyo leo Mkenya ana haki ya kusajili chama cha watu ambao sheria ya nchi hiyo hiyo yaweza kuwafunga hadi miaka 14 kwa yale wanayoyafanya faraghani.

Kwa mwanafunzi wa sheria hilo ni swali zuri la mtihani. Kwa mtu anayetafuta msaada ni suala la mlango: upo wapi, na je, una kibao?

Maana usajili, ukiuvua maneno makubwa, ni mambo ya kawaida kabisa. Ni akaunti ya benki. Ni mkataba wa kupanga ofisi, mshahara wa mshauri nasaha, na jina ukutani ambalo mpita njia aweza kulisoma. Gitari alipigania mambo hayo kwa takriban miaka kumi, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, na kila aliposhinda dola ilikata rufaa.

Katika miaka hiyo yote, msaada uliishi wapi? Uliishi ndani ya ugonjwa. Mipango ya kupambana na Ukimwi iliwahesabu wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume miongoni mwa makundi yaliyo katika hatari kubwa ya kuambukizwa, na fedha za Marekani zilizokuja kupitia mpango wa PEPFAR tangu mwaka 2003 zikasaidia kuviendesha vituo ambako kijana angeweza kupimwa, kupewa dawa, na kuketi saa moja bila kutukanwa. Siidharau kazi hiyo. Imeokoa maisha ya watu ninaowajua. Lakini tazama sharti la kuingia: ili upokewe, ni lazima kwanza uwe hatari kwa afya ya umma. Aliyefukuzwa nyumbani, asiyelala kwa mawazo, anayetaka tu kuzungumza na mwenzake, hao hawakuwa na safu yao katika daftari.

Nililiona hili kwa macho yangu miezi michache baada ya hukumu. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, binti, alikuja ofisini. "Shikamoo, mwalimu." Niliitikia, akakaa kimya muda mrefu. Baba yake mdogo, aliyekuwa akimlipia karo, alikuwa amesoma ujumbe katika simu yake, akamwambia asirudi tena. Binti hakuniomba fedha. Aliuliza kama kuna mahali. Nilisikia juu ya kituo fulani kisicho na kibao, nikampeleka. Mhudumu alikuwa mtu mpole. Alitoa fomu na kuuliza: unauza mwili? Unajidunga dawa za kulevya? Jibu likawa hapana na hapana. Mhudumu aliishika ile fomu kitambo, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kisanduku kingine huko. "Dada, wewe hapa sina pa kukuandika."

Hiyo ndiyo hali ya mwanamke anayempenda mwanamke katika mfumo uliojengwa juu ya virusi: hatari yake ya kuambukizwa ni ndogo, basi naye ni mdogo. Aliyempokea hatimaye ni jirani yangu, muuguzi mstaafu na mjane, aliyempa chumba cha uani bila kuuliza swali. Mama huyu bado huwaita marafiki zake wa kike "shoga yangu", kama walivyoitana wanawake wa pwani tangu zamani, na sidhani kama amewahi kusumbuliwa na maana nyingine ambayo mitaa imelipa neno hilo.

Wapo watakaouliza kwa nini asingekwenda hospitali ya kawaida. Swali la haki. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, wakapelekwa katika hospitali ya serikali mjini Mombasa, wakapimwa maumbile yao kwa lazima ili upatikane ushahidi dhidi yao. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikiketi Mombasa, ilisema upimaji wa namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Ni ushindi, naam. Ila habari kwamba daktari aliwahi kuwa mkono wa polisi husafiri haraka kuliko hukumu. Na kabla ya hapo, Februari 2010, umati wa watu kule Mtwapa ulikizingira kituo cha afya kilichohudumia wagonjwa wa Ukimwi, kwa uvumi tu wa harusi. Baada ya Mtwapa, nani angetundika kibao?

Kisha ukaja mwaka 2025. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na vituo vingi vikafungwa kabla siku hizo hazijafika nusu. Idhini ya kuendelea na baadhi ya huduma za Ukimwi ilipotoka, vidonge vya kinga kupitia fedha za PEPFAR viliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kalamu moja, mbali na hapa, ikawafuta katika daftari hata wale waliokuwa na safu yao.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa dini na wa heshima, aliniambia hiyo ni dalili kwamba jambo lenyewe lilikuwa la kigeni. Nilimjibu kwamba zile ARV za mamia kwa maelfu ya Wakenya wengine nazo zilinunuliwa kwa fedha hizo hizo, na hakuna anayewaita wagonjwa wale wageni. Kigeni ni mfadhili. Binti yule kazaliwa Malindi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachofikika. Hakisemi kila mtu aliye katika kundi fulani. Hapo tuliachana, yeye akiwa hajaridhika, chai ikiwa imepoa.

Chuoni kwetu niliwasilisha mapendekezo mawili mbele ya kamati ya maslahi ya wanafunzi. La kwanza, kiapo cha siri cha washauri nasaha kiandikwe na kubandikwa mlangoni, ili mwanafunzi ajue kabla ya kubisha kwamba atakayoyasema hayatafika kwa mzazi wala polisi. La pili, uwepo mfuko mdogo wa dharura kwa anayefukuzwa nyumbani, kwa sababu yoyote ile, bila kutakiwa kuitaja. Sikulitumia neno lolote la kuwatisha wajumbe. Mwenyekiti alisema mapendekezo yataangaliwa. Yameangaliwa kwa mihula miwili sasa, na yamo tena katika ajenda ya mwezi ujao, namba tisa, baada ya suala la maegesho ya magari.