Barabara Hii ni ya Nani?

Taifa hujidhihirisha barabarani kuliko katika hotuba za viongozi wake. Atakaye kujua nchi inamthamini nani, na aache gari, apande baiskeli, ashinde nayo kutwa katika barabara kuu. Jumamosi iliyopita nilitoka hapa Mafiga, Manispaa ya Morogoro, hadi Mlali na kurudi. Nilikusudia matembezi tu. Nimerudi na hoja.

Niliondoka alfajiri na kushika barabara ya Iringa, milima ya Uluguru ikiwa mkono wa kushoto, vilele vyake vingali ndani ya ukungu. Abiria wa basi huiona milima hiyo kama picha dirishani. Mwendesha baiskeli huisoma kwa mapaja yake. Nilipita Bwawa la Mindu, linalokusanya maji ya Mto Ngerengere kwa ajili ya mji wetu. Mto huo humwaga maji yake katika Ruvu, nayo Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Mamilioni wanainywa milima hii bila kuikumbuka.

Hawaikumbuki wala wachukuzi wake. Saa hizo nilipishana na wanaume wanaoelekea mjini, kila mmoja amefunga kwenye keria magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi au matenga ya nyanya. Penye mpando hushuka wakasukuma, kifua kimelala juu ya usukani.

Kabla ya Sangasanga nilimkuta mmoja amepumzika chini ya mti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.” Akaitazama baiskeli yangu isiyo na mzigo, akacheka. “Wewe unaendesha ili upungue. Sisi tunaendesha ili tusipungue.”

Nilimuuliza anachokiogopa zaidi, mpando au mteremko.

“Honi,” akajibu. “Dereva akipiga honi anakwambia utoke. Nitoke niende wapi na magunia mawili?”

Haukupita muda, basi moja la abiria likaniuliza swali hilohilo kwa honi ndefu, nikateremkia kwenye changarawe. Mimi niliweza, kwa kuwa sikubeba kitu. Mwenye magunia akiiacha lami huanguka. Asipoiacha, huenda akagongwa. Kati ya kuanguka na kugongwa, ndipo tulipomweka mtu anayetuletea chakula na nishati ya kukipikia.

Najua jibu litakalotolewa: mkaa unaharibu misitu. Ni kweli, na misitu hiyo ndiyo inayotunza mito niliyoitaja. Lakini mnunuzi wa mkaa ni sisi wa mjini. Tujadili nishati mbadala na bei yake kwa uwazi, badala ya kuiachia ajali kazi ya kumwadhibu msafirishaji.

Nikakata kushoto, nikapita Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambako watumishi wengi wa umma wamesomea utawala. Nilijiuliza: katika mafunzo hayo, mwendesha baiskeli anahesabiwa kuwa mtumiaji wa barabara, au kikwazo cha watumiaji? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba miji inaweza kugeuka kuwa mnyonyaji wa wakulima. Wengi hudhani unyonyaji huo uko katika bei za mazao tu. Upo pia katika upana wa lami.

Tunachodai si anasa. TANROADS kwa barabara kuu, na TARURA kwa barabara za mijini na vijijini, zinaweza kuweka mabega ya lami yenye upana wa kutosha, hasa katika miinuko na karibu na masoko. Gharama yake ihesabiwe pamoja na gharama ya mazishi, matibabu na kaya zinazopoteza mlishi.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Barabara nayo haiwezi kusimama juu ya gari peke yake. Kabla mhandisi hajatia saini mchoro unaofuata, na apewe baiskeli apande mlima mmoja tu. Iwe na mzigo.