Tulihama na Vyombo Vyote

Vijana wenzangu tunaoshika kalamu tumezoea kusimuliana habari za wahusika waliotushinda na wachapishaji wasiojibu barua. Leo naomba niwasimulie habari za diski. Msiniguneie, mbele ya safari mtaona kwamba sijatoka nje ya ukumbi.

Tangu nimalize kidato cha nne naandika riwaya, na ninaiandika kwenye laptopu ambayo si yangu peke yangu. Mchana ni ya duka la mama, hapa Temeke. Usiku ndiyo inakuwa yangu. Ndani yake kuna programu ya duka iliyowekwa na fundi mmoja ambaye siku hizi hajulikani alikohamia, na diski ya kuisakinishia hatunayo. Humo mna madeni ya mtaa mzima kwa miaka 5: nani kakopa unga, nani kalipa nusu, nani siku hizi anapita njia ya nyuma ili asionekane. Kwa hiyo mtaa wetu umeandikwa mara mbili katika mashine moja, mara kwa hesabu za mama na mara kwa hadithi zangu. Wa mama ndio wenye ukweli zaidi.

Basi mashine ikazeeka. Ukiiwasha, unabandika chai, unainywa, unarudi na kukuta kale kaduara bado kanazunguka. Tungevumilia, lakini ikaanza kugonga: tik, tik, tik. Mama akaniuliza, “Hicho kidude kikifa, nani atanilipa?” Sikuwa na jibu.

Ndani ya diski ya aina ile mna visahani vinavyozunguka, yetu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachokwenda huku na huku kutafuta kila kipande cha habari. Ni ukoo wa zamani. Mashine ya IBM ya mwaka 1956 ilikuwa na visahani 50, kila kimoja upana wa inchi 24, na yote ilihifadhi herufi kama milioni 5 tu. Riwaya yangu ya kurasa 214 ingeingia humo mara kumi hivi, basi, imejaa. Diski mpya hizi za SSD hazina kisahani wala kichwa. Ni vipande vya kumbukumbu ya flashi, uvumbuzi wa Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba miaka ya 1980. Hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna cha kusubiri kizunguke.

Nikadunduliza vijisenti vya kuwachapia watu barua, nikanunua SSD ya GB 240, nikaenda Kariakoo.

“Dogo, tupige windo mpya tu,” fundi akasema. “Nusu saa umesepa.”

“Na programu ya duka?”

“Si unaiweka tena?”

“Hatuna ya kuweka, kaka.”

Akakuna kichwa. “Basi tuhame na vyombo vyote.”

Na kweli ni kuhama. Kabla ya yote tulinakili riwaya na madeni kwenye flashi, kwa sababu diski inayogonga haiaminiki hata saa moja. Kisha tukapima vyombo. Nyumba ya zamani ilikuwa na GB 500, lakini vitu vyenyewe vilikuwa GB 140, kwa hiyo vingeenea. Si kila programu ya kunakilia inakubali mahesabu hayo. Clonezilla, kwa mfano, ni ya bure na ni nzuri, ila kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Ukihamia ndogo sharti upunguze kwanza vyumba vya ile ya zamani. Fundi alitumia nyingine, inayochukua vitu na kuviacha vyumba vitupu.

Akanionya pia kwamba mfumo endeshi haukai chumba kimoja. Pembeni kuna chumba kidogo, hata hukioni kila siku, chenye maelekezo ya kuwashia mashine. Ukikiacha, utahamisha kila kitu na mlango hautafunguka.

Akazitoa diski, akazichomeka kwenye kompyuta yake. Umeme ulikuwa unachezacheza. Nikamuuliza, ukikatika? “Ya zamani tunaisoma tu, hatuiandiki. Tutaanza upya. Kitakachotushinda ni yenyewe kukata roho njiani.”

Saa mbili nzima nilikaa kwenye kigoda namsikiliza mgonjwa. Riwaya ilikuwa salama kwenye flashi. Madeni yalikuwa humo pia, lakini bila programu yake hakuna wa kuyafungua. Nilijikuta naomba kwa ajili ya deni la unga la watu wengine.

Ikamaliza. Akaifunga mpya ndani, akaiweka ya zamani kando, maana nakala na asili zina alama moja ya utambulisho na mashine huchanganyikiwa ikizikuta pamoja. Akaingia kwenye bayosi kuhakikisha mashine inaanzia kwenye diski mpya. Akabonyeza. Sekunde 22! Picha ile ile, faili zile zile, na mtaa wote bado unadaiwa.

Sasa niseme lililonileta. Kuhama hivi hakusafishi nyumba. Takataka zote zilikuja nasi, tena sasa zinafunguka haraka zaidi. Hata sura yangu ya 3, iliyopooza, ilikuja imepooza vile vile. Katika vikundi vyetu vya uandishi nimeona wenzangu wengi wakikwama hupiga windo: wanachana mswada, wanaanza hadithi nyingine, na mwaka unaofuata wanachana tena. Wanapata ukurasa safi, lakini ndani ya ule mswada kulikuwa na vitu ambavyo hawana tena pa kuvipata, kama ile programu ya duka. Afadhali kuhama na vyote, ukishafika ndiyo uanze kutupa, chumba kwa chumba, ukijua unachotupa.

Diski ya zamani nimeifungia kabatini, na sitaifuta mpaka mwezi upite salama. Sura ya 3 nimeifungua jana usiku. Ilifunguka upesi mno. Sikupata hata muda wa kubandika chai.